Hilux ya LN, Vigo au GD-6: ipi itakufaa kwa kazi yako?

Mtu akija na swali la Hilux ipi anunue, huwa naanza na jambo moja kabla ya bei na kabla ya rangi: gari likigoma huko unakofanyia kazi, nani atalifungua, na ana vifaa gani? Jibu la hapo ndilo linalochagua kizazi. Tangu Hilux ya kwanza itoke Machi 1968 katika kiwanda cha Hino kule Hamura, Japani, kuna mambo matatu ambayo hayajabadilika: chesisi ya ngazi, springi za bapa upande wa nyuma, na uwezo wa kubeba tani moja hivi. Kilichobadilika ni upande wa mbele, yaani ekseli na injini, na kila badiliko lililoleta raha barabarani lilimsogeza fundi wa kijijini mbali kidogo na gari.

Vizazi vya mwanzo nitavipita haraka. Cha 1968 na cha 1972 vilikuwa vya petroli na vilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Cha tatu, cha 1978, ndicho kilicholeta dizeli, na mwaka 1979 kikaleta magurudumu manne. Cha nne kikafuata 1983. Ukikuta moja kati ya hizo bado inatembea, inunue kwa mapenzi na uitunze, lakini usiipangie kazi ya kila siku, maana vipande vya bodi na vioo vyake utavisaka mpaka uchoke. Uchaguzi wa kweli wa mnunuzi wa leo unaanzia 1988.

Kwanza ujue unachokitazama. Usitegemee maneno ya dalali wala nembo iliyobandikwa mlangoni. Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya modeli. Herufi za mwanzo zinataja injini. LN ni jamii ya L, dizeli ya zamani isiyo na kompyuta. KUN ni D-4D, dizeli inayoamriwa na kompyuta, ya Vigo, yaani kizazi cha 2004: KUN25 ni ya lita 2.5 yenye magurudumu manne, KUN26 ni ya lita 3.0. GUN ni kizazi cha GD-6, cha 2015: GUN125 ni lita 2.4, GUN126 ni lita 2.8. TGN ni petroli. Ipo pia LAN, na hiyo nitaizungumzia peke yake, kwa sababu wengi wanaipita bila kujua wamepita nini.

| Kizazi | Dizeli za kawaida | Nguvu za farasi (takriban) | Mbele | Taimingi |
|---|---|---|---|---|
| 1988–1997 | 3L, cc 2779 | 90 | ekseli ngumu na springi za bapa kwa LN106 | mkanda |
| 1997–2005 | 3L. 5L, cc 2986 | 90–100 | ekseli ngumu au toshoni ba | mkanda |
| Vigo, 2004–2015 | 2KD, cc 2494. 1KD, cc 2982 | 102–144. 163–171 | koili | mkanda |
| GD-6, kuanzia 2015 | 2GD, cc 2393. 1GD, cc 2755 | 150. 177–204 | koili | cheni |

Tuanze na LN106, Hilux ya kizazi cha 1988, gari ambalo mafundi wengi wa umri wangu walijifunzia kazi. Mbele ina ekseli ya chuma ya kipande kimoja iliyokaa juu ya springi za bapa, sawasawa na nyuma. Injini ya 3L haina turbo wala kompyuta, na pampu yake ya dizeli inaendeshwa na mzunguko wa injini yenyewe. Nozeli, zinazopulizia dizeli kwenye silinda, ni nne. Unazifungua kwa spana, unazipeleka kupimwa, unazirudisha, kazi imeisha mchana huohuo. Springi ikikatika, kipande kinapatikana hata senta ndogo, na mkichelewa mnaweza kufunga kwa waya na kigogo mkafika mnakokwenda. Kubadili kwenda magurudumu manne unashuka, unafunga haba za mbele, vile vifungio vya katikati ya gurudumu, kwa mkono, unarudi na kuvuta gia ndogo. Hakuna waya wa kukatika hapo.

Gharama yake unaijua siku ya kwanza ya safari ndefu. Nguvu za farasi 90 zikiwa na tani moja mgongoni, mlima wa Kitonga utaupanda kwa gia ya chini sambamba na malori. Kwenye matuta mgongo wako unapokea kila kitu, na kiti cha nyuma cha double cabin ya wakati ule hakimfai mtu mzima kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Breki ni za enzi zake, mifuko ya hewa hakuna.

Ukienda kuikagua, usishangae rangi. Chuchumaa mbele, nyuma ya gurudumu, uangalie mwisho wa ekseli. Kuna tufe kubwa la chuma ambalo gurudumu hugeukia juu yake unapokata kona. Likiwa na grisi nyembamba nyeusi, sawa. Likiwa linachuruzika uji mwepesi wenye harufu kali ya oili ya difu, sili ya ndani imekwisha, oili ya difu imeingia kwenye grisi, na beringi za humo zimekuwa zikioshwa badala ya kulainishwa. Si kosa la kukufanya ukimbie, ila ni kosa la kushusha bei. Kisha lala chini utazame chesisi kuanzia nyuma ya kebini hadi mwisho wa bodi. Gonga kwa nyundo ndogo. Mlio wa chuma kizima unaujua. Mlio mfu unamaanisha kutu ndani ya boksi, hasa kwa magari yaliyokaa pwani. Mahali palipochomelewa na kupakwa rangi nene nyeusi, uliza kwa nini.

Jambo la tatu ni joto. Silinda hedi za jamii ya L hazisamehi injini iliyochemka. Fungua kifuniko cha rediata injini ikiwa baridi kabisa, washa, uangalie maji. Mapovu yanayopanda mfululizo yanakuambia gesi ya mwako inapita kwenye gasketi au kwenye ufa wa hedi. Hapo muuzaji akikwambia ni hewa tu inatoka, mwache na gari lake.

Kizazi cha sita, 1997 hadi 2005, ndicho ninachokipendekeza kwa mtu wa mbali, na nakipendekeza bila kusita. Kina kebini pana zaidi, viti vya binadamu, na bado injini ni 3L au 5L, zote dizeli zisizo na turbo. Nguvu hazikuongezeka sana, lakini 5L inavuta vizuri kutoka chini, na hicho ndicho unachokihitaji kwenye matope ya masika. Kwa baadhi ya masoko ekseli ngumu ilibaki. Nyingine zilikuja na mikono inayojitegemea na toshoni ba, yaani fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi. Ya ekseli ngumu inadumu zaidi kwenye mawe, ya toshoni ba inatulia zaidi kwenye lami. Kama una shamba Ifakara na mzigo ni mpunga, chukua ya ekseli ngumu. Kama mzigo ni mara moja kwa wiki na siku nyingine unaenda mjini, ya toshoni ba itakupa amani. Tahadhari moja: kizazi hiki kilikuwa pia na 1KZ-TE, lita 3.0 yenye turbo. Inakimbia, lakini hedi yake ina sifa ya kupasuka mfumo wa kupozea ukipuuzwa. Hiyo iache kwa anayeweza kuiangalia kila siku.

Mkanda wa taimingi, ule unaooanisha vali na pistoni, katika hizi zote ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa kuwa hesabu za kilomita kwenye magari ya umri huu haziaminiki, badilisha siku unayonunua, hata kama muuzaji anakuonyesha risiti.

Sasa Vigo. Mwaka 2004 Toyota ilibadili karibu kila kitu: gari liliundwa upya kwa ajili ya dunia nzima, likatengenezwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Japani yenyewe haikuuziwa. Hilux iliondoka kwenye soko la Japani 2004 na ikarudi 2017, ikiletwa kutoka Thailand. Kwa hiyo tangazo likisema Vigo hii ilitumika Japani na mmiliki mmoja mzee, shtuka. Kampuni za Japani huuza Vigo kwa wingi, lakini gari lenyewe lilitumika Thailand, Uingereza au kwingineko, na historia yake inabidi uitafute huko.

Vigo ni kubwa, na mbele ina koili na mikono inayojitegemea. Kwenye lami hailingani na kitu chochote kilichotangulia; familia inaweza kusafiri ndani yake bila malalamiko. Injini za D-4D zinasukuma dizeli kwa mgandamizo wa zaidi ya ba 1,000 kupitia nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Hapo ndipo nguvu na ubanaji wa mafuta vinapotoka, na hapohapo ndipo tatizo la kwetu linapoanza. Nozeli za namna hiyo zina matundu membamba mno. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haina ulainishaji wa kutosha, na maji kidogo tu yanatosha kuiua pampu. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa 2011, Kenya ikafanya hivyo 2018, yote kusudi uchakachuaji upoteze faida. Vituo vya mjini vimekuwa bora. Lakini dizeli ya kwenye dumu pembeni mwa barabara bado ni dizeli ya kwenye dumu, na LN itaimeza huku ikitoa moshi, wakati Vigo itakudai nozeli nne.

Kati ya 2.5 na 3.0, mimi niko upande wa 2.5. Najua wengi hutamka 3.0 kwa fahari, na ni kweli farasi 163 au 171 ni raha kwenye mlima. Lakini 1KD, yaani hiyo 3.0, ina ugonjwa unaojulikana: vikombe vya shaba vinavyoziba chini ya nozeli vikichoka, gesi ya mwako huvuja na kuingia kwenye oili. Masizi yanajenga lami nyeusi, lami inaziba chujio la wavu lililo kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inashindwa kupanda, na injini nzima inakufa mtu akiwa kwenye mwendo. Nyingine zimepasuka pistoni. Njia pekee ya kuwa na uhakika ni kushusha sampu na kulitazama lile wavu kwa macho. Muuzaji mwenye gari zuri atakubali ukilipia kazi na oili mpya. Lita 2.5 hazibanwi kiasi kile, hasa zile za farasi 102, na kwa mtu anayebeba bila kukimbizana zinatosha kabisa.

Kwa Vigo yoyote, nenda asubuhi ulikute gari halijawashwa. Washa bila kukanyaga. Sikiliza mlio wa kugonga unaotoka silinda moja na kupungua injini ikipata moto; hiyo ni nozeli. Ukiona mshale wa mzunguko unapanda na kushuka wenyewe gari likiwa limesimama, shuku vali inayodhibiti pampu ya mafuta, ambayo ni rahisi kuibadilisha kuliko nozeli, lakini isikubaliwe kama maelezo ya kila kitu. Kipimo cha marejesho ya nozeli, kile cha vichupa vinne vya plastiki kinachoonyesha dizeli inayorudi kutoka kila nozeli, kinafanywa na gereji yoyote ya dizeli inayojiheshimu, na dakika kumi za kipimo hicho zinaweza kukuokolea bei ya pikipiki.

LAN25 sasa. Hii ni Vigo kwa umbo: kebini ileile, koili zilezile, bodi lilelile. Lakini chini ya boneti kuna 5L-E, lita 3.0 isiyo na turbo na isiyo na nozeli za kompyuta za D-4D. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi zenye mafuta mabaya na gereji chache, ikanunuliwa sana na mashirika ya misaada na miradi. Haina mbio. Kwenye mnada wa mashirika watu huiacha kwa sababu wakijaribu kuikanyaga hawasikii kitu. Mimi ningesimama hapohapo. Kwa mtu wa Kasulu au Turkana anayetaka gari lenye umri wa kueleweka, lisilo na kutu ya miaka ya tisini, na bado fundi wa pale anaweza kulifungua, hii ndiyo Hilux yenye akili kuliko zote zilizotengenezwa baada ya 2004. Injini hiyohiyo iliendelea kuwekwa hata kwenye kizazi kilichofuata kwa masoko kama yetu.

GD-6 ilizinduliwa Mei 2015. Urefu wake ni mita 5.33, kwa hiyo pima geti lako. Mkanda wa taimingi umeondoka, umewekwa cheni. Kile kigingi cha gia ndogo kimeondoka pia; magurudumu manne unayaita kwa kitufe cha kuzungusha. Injini ya 2.4 inatoa farasi 150, na 2.8 ilianza na 177, ikapandishwa hadi 204 mwaka 2020. Nguvu ya msokoto ya 2.4 inafika niutonimita 400, zaidi ya maradufu ya 3L ya zamani, na inaipata chini kabisa kwenye mzunguko. Ukiwa na tani moja nyuma unapita lori Kitonga bila kushika roho mkononi.

Kama unanunua mpya au yenye miaka mitatu na gereji ya wakala iko umbali wa siku moja, usiangalie nyuma, nunua hii na uchukue 2.4. Kinachohitaji uangalifu ni chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Gari huliunguza lenyewe likiwa kwenye mwendo mrefu. Likitumika kwa safari fupi za mjini linaziba. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro kwenye Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, magari zaidi ya 260,000. Zilizotengenezwa kwa masoko ya Afrika mara nyingi hazina chujio hilo. Zilizotumika Uingereza, Australia au Japani zinalo. Liulizie kabla ya kulipa, na ujue kwamba fundi wa LN hatalitibu kwa spana. Anahitaji kompyuta ya kusomea na mtu anayeelewa anachosoma.

Usalama ni sehemu ambayo watu wa kwetu huipa dakika moja, nami naona inastahili zaidi. Hilux ni ndefu kwenda juu na nyepesi nyuma ikiwa tupu. Gazeti la magari la Sweden, Teknikens Värld, liliipima Hilux kwa kukwepa kikwazo ghafla mwaka 2007 na tena 2016, na mara zote mbili iliinuka upande mmoja kana kwamba inataka kulala. Ile ya 2016 ilirekebishwa na mwaka uliofuata ikapita. Somo la dereva liko wazi kwa kizazi chochote: usikwepe mbuzi kwa kasi ya 100. Lakini ukigonga, tofauti kati ya vizazi ni kubwa mno. LN106 inakupa mkanda wa kiti na dua. Vigo nyingi zina mifuko miwili ya hewa na breki zisizofunga magurudumu, ila za bei ya chini hazina, hivyo tazama maandishi kwenye usukani na taa ya dashibodi. GD-6 ilipata nyota tano za ANCAP, mpango wa kupima usalama wa magari, nchini Australia. Kama gari litabeba watoto shuleni kila siku, mimi singewapakia kwenye LN, hata iwe nzima kiasi gani.

Spea zinafuata mantiki yake. Vitu vya LN na 5L vimejaa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, vya asili na vya kuiga, na fundi atakuambia kipi ni kipi kwa kushika. Vya Vigo vipo vingi pia, sababu inagawana sehemu nyingi na Fortuner na Innova. Kwa nozeli za D-4D usinunue za kuiga hata kidogo. Afadhali za asili zilizofanyiwa ukarabati na mtu mwenye mashine ya kupimia. Vya GD-6 bado vingi viko kwa wakala, kwa bei ya wakala.

Nchi unayoishi nayo inakata baadhi ya njia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Vigo haiingii tena bandarini Mombasa. Anayeitaka anunue ambayo iko nchini tayari, jambo ambalo lina faida yake kwa kuwa unaweza kumfuata mmiliki na fundi wake. Tanzania gari la zamani linaingia, lakini piga hesabu ya kodi kwa umri halisi wa gari kabla ya kumtumia mtu fedha. Bukavu, Kigali na Bujumbura, mnakopita upande wa kulia wa barabara, zenye usukani wa kushoto hutoka sana Dubai, na nyingi kati ya hizo ni za petroli, 2TR-FE ya lita 2.7. Watu huzidharau kwa unywaji wake. Ni kweli inakunywa. Lakini ina cheni, haina turbo, haina nozeli za dizeli za kuogopea dumu la barabarani, na kwa mtu anayetembea kilomita chache kwa siku, fedha ya mafuta inayozidi kwa mwaka inaweza kuwa ndogo kuliko seti moja ya nozeli. Kabla ya kuikataa, chukua kilomita zako za mwezi na bei ya petroli ya kituo chako, ukae na kalamu.